Niko na Sukari

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuliamini jina la ugonjwa. Daktari mmoja wa Kitengela aliponiambia nina ugonjwa wa sukari, nilirudi kwenye chumba nilichopanga, nikampa jirani mkebe wangu wa sukari, nikahesabu kazi imekwisha. Chai nikawa nainywa chungu, uso nimeukunja kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo. Ugali niliuacha kama ulivyokuwa: mlima. Kwetu magharibi, mtu aliyekula wali hajala, amejishikilia tu akisubiri ugali.

Niliporudi kliniki, sista alinitoboa kidole, akaitazama mashine, kisha akanitazama mimi.

"Unakula nini?"

"Nimeacha sukari kabisa, sista. Hata soda."

"Jana jioni ulikula nini?"

"Ugali."

"Kiasi gani?"

Nikaonyesha kwa mikono miwili. Akamwita mwenzake aje aone.

"Hiyo ni ya watu wangapi?" mwenzake akauliza.

"Yangu."

"Kijana," sista akasema, "huo ugali ukifika tumboni unageuka sukari. Umefunga lango la mbele, na ng'ombe wanapita la nyuma. Kuanzia leo ugali ni ngumi moja. Ngumi yako, si ya jirani. Sukuma wiki ijaze nusu ya sahani. Na utembee."

Mimi ni mtu wa kushika neno hadi lilie. Nilikuwa nauweka ugali kando ya ngumi yangu na kuuchonga kwa kisu kama fundi wa mawe. Elimu niliiokota popote, hata kwenye kurasa za magazeti yaliyofungia nyama, na mara nyingi ushauri ulikatikia penye damu. Jioni nilitembea kandokando ya barabara ya Namanga, malori yakinipigia honi.

Sukari ikashuka. Nami nikashuka nayo, hadi mshipi wa suruali ukahitaji matundu mapya. Hapo ndipo shida ilipoanza. Miaka ile ya hofu ya ukimwi, kijana akikonda ghafla hakuulizwa anakula nini. Watu walimtazama, wakanyamaza, wakaanza kumletea supu. Jirani yangu, yule niliyempa sukari, alianza kuniombea kwa sauti upande wa pili wa mabati. Aliomba kwa bidii hadi nikawa naitikia amina.

Na nilikuwa nimechumbia binti wa Kimaasai wa Kajiado. Baba yake alikuwa ameniona mara moja tu, nikiwa mnene, akaridhika: mtu mwenye tumbo hili, alisema, binti yangu hatalala njaa kwake. Sasa aliniita mara ya pili ili atoe neno lake la mwisho.

"Mwambie mwenyewe," mchumba wangu alinionya. "Akisikia kwa watu, tumekwisha."

Sebuleni kwao, mama yake alikuwa ameshamimina chai ya maziwa, imechemshwa pamoja na sukari, nzito kama uji. Kuikataa ni kuikataa nyumba. Kuinywa ni kuchokoza mashine ya sista.

"Supa, kijana," mzee akanisalimu.

"Ipa, mzee."

Akanitazama kutoka viatu hadi shingo. "Ni wewe, ama umetuma ndugu yako mdogo?"

"Ni mimi, mzee."

"Kwani Kitengela hakuna chakula?"

Nikasimama. Sentensi nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima. "Mzee, kuna jambo lazima nikuambie. Niko na sukari."

Uso wake ukafunguka. "Vizuri sana! Mpe mama."

Mgeni wa nyumba ile huja na sukari na majani ya chai, hilo nililijua vizuri. Mama akanyoosha mkono.

"Hapana, mama, hii si ya kupeana."

Mkono ukarudi polepole.

"Unakuja kwangu na sukari," mzee akasema, "halafu unataka kurudi nayo?"

"Siwezi kuiacha, mzee. Iko kwa damu."

Mlangoni, mchumba wangu alikuwa ameuma leso asicheke. Akaingia, akaeleza kwa Kimaa. Sikuelewa kitu ila neno ugali, na mikono yake ikichora mlima.

Mzee akashusha pumzi. "Sukari tu? Ndugu yangu wa Magadi ako nayo miaka mingi, na bado anagombana na kila mtu. Mimi nilifikiri ni ule ugonjwa mwingine. Nilikuwa nimeshaamua kukataa. Kwa nini hukusema?"

"Nimesema, mzee."

Alicheka hadi kofia ikamwanguka. Mama akaondoa kikombe changu, akaniletea maziwa matupu. Ndipo mchumba wangu akafungua mfuko wetu wa zawadi uliobaki mlangoni, akatoa pakiti za sukari tulizobeba.

"Na hii je?" mzee akauliza. "Hii pia iko kwa damu?"

"Hii ni ya mama."

Tulioana. Ugali wangu sasa ni ngumi moja, na nimeacha kuuchonga. Na nyumbani kwa wakwe zangu chai huchemshwa bila sukari. Bakuli la sukari huwekwa mezani, na kila mgeni hujitilia mwenyewe.