Ng'ombe wa Watu na Kifua cha Mama

Hadithi hii hainipambi. Nikiisimulia kijiweni, watu hawacheki hadithi, wananicheka mimi. Lakini nimechoka kuisikia kwa wengine wanaoikosea, kwa hiyo acha niiseme mwenyewe.

Mama yangu ana pumu. Kijijini kwetu, Daudi, kuna baridi na moshi wa kuni, na vyote viwili kifua chake hakivitaki. Akibanwa unamsikia ukiwa bado nje, kama mtu anapuliza filimbi yenye ufa. Mimi ni mtu wa kuchekesha, kila mtu anajua, ila mama nilikatazwa kumchekesha, maana akicheka sana anabanwa. Fikiria mtu kama mimi kukaa nyumba moja na mama hivyo. Ni kama kumwambia mchezaji aingie uwanjani ila asiguse mpira.

Dawa zake ni vidonge, na ile ya kuvuta kwa mdomo. Mama alikuwa anasema zamani dawa hospitali ilikuwa bure lakini haipo, siku hizi ipo lakini sio bure. Maduka ya dawa mjini Mbulu yalikuwa yanaota kama uyoga. Mkoa nao ulikuwa mpya. Tulilala watu wa Arusha tukaamka watu wa Manyara, na bei ya dawa ikaamka palepale ilipolala.

Nilizunguka kuomba. Kanisani walimchangia Jumapili moja. Mjomba alitoa, halafu akaanza kupita njia nyingine akiniona. Simlaumu. Ukiumwa siku tatu watu wanakuja na uji. Ukiumwa miaka, hata wewe mwenyewe unachoka kuusema huo ugonjwa. Ilifika mahali nikiingia kwa mtu najua kabisa atakavyokohoa kabla ya kuniambia hana.

Siku moja dada wa dirisha la dawa hospitalini akaniambia, "Wewe kila ukija unanichekesha ili nikupunguzie. Mimi sina cha kupunguza. Kuna msamaha kwa wasio na uwezo. Kalete barua ya mtendaji wa kijiji."

Mtendaji akasema barua haitoki mpaka kamati ije kuona nyumba. Wakaja watu watatu: mwenyekiti wa kitongoji, mama mmoja wa kwaya, na mzee jirani yetu. Tukawapa viti. Mwenyekiti akatazama zizi. Ng'ombe watano na wao wakamtazama, wamenona.

"Hawa ni wa nani?"

Hapa lazima nieleze. Wale ng'ombe hawakuwa wetu. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote nyumbani kwake. Anawagawa kwa watu wamtunzie. Anayetunza anapata maziwa na samadi, ila ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Na anayetunza hasemi ni wa nani. Mwenye mali ndiye anasema, akitaka. Sasa mwenye hao watano alikuwa huyohuyo mzee jirani, amekaa pale na kamati, anawaangalia kama vile ndiyo kwanza anawaona.

Mama akasema, "Tunatunza tu," akaangalia chini.

Mwenyekiti akacheka. "Mbona kijana wako mnadani anasema ni wake? Alimwambia binti wa fundi cherehani kwamba mahari iko zizini inacheua."

Kweli nilisema. Tena nilisema vizuri, watu walicheka mpaka wakaninunulia soda. Mama wa kwaya akajifunga kanga vizuri, akasimama. "Uzeni ndama mmoja," akasema, "mtapata dawa ya muda mrefu." Wakaondoka. Mzee akaondoka nao, hata kugeuka hakugeuka.

Kesho yake nikamfuata kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Najua ulichofuata."

"Waambie tu ni wako, mzee."

"Mwanangu, hujasikia wanachangisha darasa la sekondari? Mwenye ng'ombe anatoa ng'ombe. Nikisema hao watano ni wangu, wataniuliza na wengine wako wapi."

"Na mama je?"

"Mama yako anakunywa maziwa ya ng'ombe wangu tangu baba yako yuko hai. Hilo unaliona dogo?"

Halikuwa dogo. Nikarudi nyumbani nikawakatia majani ng'ombe wake.

Halafu nikapata akili, au nilidhani ni akili. Kwenye mkutano wa kijiji, walipofika kwenye michango ya darasa, nikasimama. Nikasema naona aibu, wazee wazima wanatoa madebe ya mahindi. "Mimi natoa ng'ombe," nikasema. "Yule jike mwekundu mwenye mimba."

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mzee ataruka, atapiga kelele kwamba huyo ni wake, kijiji kizima kitasikia, na mama atapata barua. Nikamkodolea macho. Mzee akasimama kweli. Akajikohoza.

"Vijana wa siku hizi tunawasema vibaya bure," akasema. "Tumpigie makofi."

Makofi yakapigwa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mtendaji akaandika. Nikabaki nimesimama kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa.

Asubuhi nilipoamka zizi lilikuwa wazi na mzee alikuwa anawatoa ng'ombe wake wote, na fimbo yake, hana haraka. Mama alikuwa ameshika mlango. Hakumlaumu. Akamwambia, "Asante kwa maziwa." Mzee akajibu, "Na wewe asante kwa kuwatunza." Basi, miaka yote ile ikaishia hapo.

Mtendaji akaja na kamba kumchukua ng'ombe wa darasa. Akakuta kinyesi.

"Wako wapi?"

"Mwenyewe amewachukua."

"Mwenyewe nani?"

Nikamwangalia mama. Akatikisa kichwa kidogo.

"Mwenyewe tu," nikasema.

Mtendaji akatazama upande wa kwa mzee, akakunja kamba yake. "Kwa hiyo ulisimama mbele ya kijiji ukatoa kitu ambacho huna."

"Ndiyo."

"Na sasa hamna kitu kabisa."

"Hatuna."

Akamwita mwenyekiti, naye akaja akaliona zizi. Barua ikaandikwa siku ileile. Ila mtendaji akasema ahadi ni ahadi, kwa hiyo mchango wangu nikautoa kwa kubeba mawe ya msingi wa lile darasa mpaka mabega yakachubuka. Vijana wenzangu wakipita wananiuliza kama ng'ombe ameshazaa.

Dada wa dirishani akasoma barua, akatoa dawa. Sikumchekesha. Nilikuwa nimechoka, na yeye akashangaa.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha chai ya rangi. Akavuta dawa kama alivyofundishwa, akashikilia pumzi, akaiachia polepole. Akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Leo sikuchapi," akasema. "Sina pumzi ya kukukimbiza. Ngoja kwanza hii dawa ishike."