Kuchagua Pilipili Bila Pua

Kuna chakula ambacho nyumbani kwetu Kasese, karibu na mpaka wa Kongo, tunakiita pilipili tu, ingawa ndani yake mna maharagwe, nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo, nyanya na vitunguu vingi. Nilianza kukipika nikiwa bibi harusi, na watoto wangu wamekua wakikidai kila Jumapili baada ya misa. Utamu wake unatoka kwenye unga wa pilipili unaotiwa katika mafuta kabla ya nyanya. Ukikosea hapo, hata ukipika mchana kutwa, umepika maharagwe mekundu basi.

Mwaka jana, mvua zilipokuwa nyingi, nilishikwa na homa na mafua makali. Homa ikaisha, mafua yakaisha, lakini pua yangu haikurudi. Sikulijua hilo mara moja. Nililijua siku moja nilipokuwa barazani nikichagua mchele, mume wangu akaja mbio kutoka bustanini, akanipita, akaingia jikoni na kutoa sufuria motoni kwa kuishikia shati lake. Maharagwe yalikuwa yamegeuka makaa.

"Husikii harufu?" aliniuliza.

Nikamwambia nilikuwa nawaza mambo mengine.

Nilikwenda hospitali peke yangu. Daktari alinisikiliza vizuri, akanichungulia pua kwa tochi, akasema, "Inaweza kurudi, mama. Wengine inawachukua muda." Neno hilo, inaweza, ndilo nililotembea nalo mpaka nyumbani.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Kwangu mimi kahawa ilikuwa maji ya moto, na ndizi zilikuwa kitu laini mdomoni. Kitu kimoja tu kilichonifikia ni pilipili, maana kuwasha hakuhitaji pua, ulimi na midomo vinatosha. Basi nikawa naongeza. Kijiko kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu, na bado chungu changu kilikuwa hakinipi kitu. Nikaanza kuwalaumu wenye maduka.

Nilihama kutoka duka moja hadi jingine. Mbinu za kupima unga wa pilipili nazijua, mama yangu alinifundisha. Unatia kidogo kwenye glasi ya maji: ukiona rangi inateremka upesi kama wino, wameutia rangi. Kikielea kitu chepesi, hayo ni maranda ya mbao, na kikizama kitu cha kukwaruza meno, huo ni unga wa tofali. Unasugua mwingine kiganjani, nao ukiwa mzuri unaacha mafuta kidogo. Na wekundu unaong'aa kupita kiasi si wa kuaminiwa, kwa sababu pilipili iliyokaushwa juani huwa na wekundu uliotulia, na vipande vya mbegu za manjano vinaonekana ndani. Unga wote niliopima ulifaulu. Nikiupika, hakuna kitu.

"Siku hizi wanatuuzia vumbi," nilimwambia mume wangu.

Yeye, mtu mpole, alikula huku akijifuta jasho la shingo.

Binti yetu mkubwa anafanya kazi Mweya, kwenye hoteli ya watalii. Alikuja nyumbani kwa mapumziko wiki ambayo wazazi wa mchumba wake walikuwa wamepanga kutoka Bwera kuja kutufahamu. Wangefika Jumapili, na alichoniomba ni kimoja, niwapikie pilipili. Alhamisi nikapika kidogo ya kujaribu. Akaonja, akaweka kijiko chini.

"Mama, hii inachoma tu. Haina kitu kingine."

"Ni ule unga," nikasema. "Hakuna unga mzuri tena Kasese hii."

Akaenda jikoni akarudi na kopo. Akalifungua, akanusa, akanitazama. "Hii unga iko sawa, Mama." Akalisogeza mbele ya uso wangu. "Wewe unasikia nini?"

Nilifungua mdomo nimdanganye. Machozi yakanitoka. Nikamweleza yote, tangu ile homa.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie kwamba mama yenu anapika kwa kubahatisha? Na wageni wanakuja?"

Hakunigombeza. Alinifuta uso kwa kanga yangu mwenyewe, akasema, "Kesho ni siku ya soko Bwera. Tutaenda. Pua yangu itatutosha sisi wawili."

Usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyokuwa nimelala kwa miezi. Hakuna kilichokuwa kimepona, ila sasa tulikuwa wawili.

Kesho yake tukafika Bwera soko likiwa limeshachangamka. Wanawake wanaovuka kutoka upande wa Kongo walikuwa wamepanga mabeseni yao, tukaenda moja kwa moja kwa mmoja aliyeuza unga wa pilipili tu. Alikuwa mama wa rika langu, mtu wa Butembo, ameketi kwenye kigoda, na kando yake sigiri ndogo ambayo alikuwa akipikia chakula chake cha mchana.

"Karibu, yaya," akaniambia, maana kwao yaya ni dada mkubwa. "Unatafuta ya kuwasha ao ya kunukia?"

"Zote mbili," binti yangu akajibu.

"Haiko unga moja inafanya yote. Unachanganya." Akafunua beseni la kwanza. "Hii ni ya zile pilipili ndogo. Inawasha mubaya. Hii ingine ni ya zile kubwa, haiwashi sana, lakini inanukia."

Binti yangu akainama juu ya beseni la pili, akavuta pumzi, akafumba macho. Nami nikainama kwa mazoea. Hakuna kitu. Yule mama akaniona nilivyoinuka.

"Haikupendeza, yaya?"

"Si unga," nikasema. Ajabu ni kwamba kumwambia mtu nisiyemjua kulikuwa rahisi. "Pua yangu imekufa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Dada yangu pia alipata hiyo. Pilipili ikiwa baridi haisemi. Ngoja." Akaweka mafuta kidogo kwenye kikaango juu ya sigiri, yakapata moto, akatupia kwa vidole viwili kidogo ya ule unga wa kunukia. Moshi ukapanda. Binti yangu akakohoa, mimi nikakohoa, nikapiga chafya mfululizo mpaka nikashika magoti. Nilipoinuka nikijifuta macho, nikaudhika.

"Nani ameweka samaki karibu na pilipili hapa?" nikauliza. "Samaki ananuka hivi?"

Binti yangu alinishika mkono kwa nguvu.

"Mama," akasema, "huyo samaki amekuwa hapo tangu tufike."

Nikageuka. Kweli, nyuma yetu kabisa palikuwa na meza ya samaki wakavu wa kutoka Katwe, na nzi wao, na mwenye meza akinikodolea macho akidhani nimekuja kumharibia biashara. Nikamsogelea, nikainamia samaki wake, nikavuta harufu ile kwa mapafu yote mawili. Ilikuwa harufu mbaya, ya chumvi na kuvunda, na sikutaka kutoka pale. Nikawa nacheka na kulia pamoja. Tukanunua samaki kwake, maana isingekuwa haki kumwacha hivihivi.

Kisha nikarudi kwenye kikaango. Harufu ya pilipili ilikuwa hafifu, inakuja na kupotea, lakini niliitambua: tamu kidogo, kama ya ngozi ya nyanya iliyokauka juani.

"Iko inarudi polepole," yule mama akasema. "Usiiharakishe." Akatufungia ile ya kunukia nyingi na ile ya kuwasha kidogo.

Jumapili nilipika binti yangu akiwa pembeni. Nilitia unga kwenye mafuta yasiyo na moto mkali, maana ukiungua unakuwa mchungu, na kila nilipopoteza harufu yeye alinisemea: bado, bado, sasa tia nyanya. Wageni walikula. Mama wa kijana, mwanamke mwenye maneno machache, alijiongezea bila kuombwa, akaniuliza unga huo nimeutoa wapi. Nilipomwambia Bwera, kwao, alicheka sana, na kuanzia hapo maongezi yalikwenda yenyewe.

Walipoondoka nilikaa jikoni bila kuwasha taa, nimechoka, na mwili umelegea wote. Mume wangu, ambaye sasa alikuwa ameambiwa kila kitu, alikuja akaketi kwenye benchi kando yangu na kuniletea kikombe cha kahawa. Nikanusa. Hakuna kitu. Kahawa bado haijarudi hata leo, na sabuni inaninukia kama chuma. Lakini juzi, nikianua nguo, nilisikia harufu ya mvua kabla haijafika, nikawahi kuziingiza ndani zote zikiwa kavu.