Siku Samaki wa Deo Walipohamia Muleba

Sebule yetu ya Kitendaguro, pale Bukoba, ilinuka ziwa. Si ule uvundo wa dagaa unaokupokea ukishuka bandarini Kemondo, la. Ilikuwa harufu ya ubichi, ya mchanga ulioloa na majani yanayokua ndani ya maji, na mgeni akiingia alianza kuangalia dari akidhani paa linavuja. Ilitoka kwenye tangi la kioo la kaka yangu Deo, lililokaa juu ya meza chini ya dirisha. Deo alikuwa kidato cha tatu, mimi darasa la nne. Vioo alivipata kwa fundi wa madirisha mjini, vipande vilivyobaki, akaviunga mwenyewe kwa gundi. Mchanga aliutoa ufukweni akauosha mpaka mama akauliza kama anataka kuupika. Majani aliyang'oa kwenye maji ya kina kifupi, akayapanda shina moja moja, na kwa miezi mingi yalikataa kukua. Yananyauka, yanaoza, naye anapanda upya. Yalipokubali yalijaa hadi juu, na ndani yake wakaishi furu, samaki wadogo wa ziwa letu ambao watu wa Bukoba hatuwahesabu kuwa kitu mpaka wakaangwe. Jike alibeba watoto wake mdomoni. Hilo nililiona kwa macho yangu, na tangu siku ile nikagoma kula furu, jambo lililomkera mama kwa muda mrefu.

Baba yetu, tuliyemwita Tata kama Wahaya wengi, alikuwa karani wa mizigo bandarini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa amri. Deo naye alizaliwa na ubishi wake. Wawili hao waliweza kumaliza wiki nzima kwa shikamoo na marahaba tu. Mbele ya tangi lile ndipo walipokuwa watu. Tata akirudi kazini alivua viatu, akavuta kiti, akauliza, "Yule mwenye mkia mwekundu amekula?" Basi Deo akaanza kueleza, na maelezo yakaendelea mpaka mama akaita chakula mara ya pili. Sisi wengine tulipita kwa kunyata. Nilikuwa na wivu, kusema kweli, lakini hata kwa akili yangu ya kitoto nilijua kwamba kile kioo ndicho kilichowashikilia baba na mwanawe, na kwamba kikiondoka sijui watazungumza nini.

Babu alipofariki, Tata akawa mrithi wa kibanja chetu, shamba la ukoo kule Muleba, na mrithi hakai mjini kwenye nyumba ya kupanga wakati migomba ya baba yake inamezwa na magugu. Tukahama. Deo alijiandaa kuliko sisi sote. Majani aliyafunga kwenye magazeti yaliyoloa, akazungushia majani ya mgomba juu yake. Mchanga akauacha na tope lake, akamkataza mama asiuguse na sabuni. Samaki aliwagawa kwenye ndoo zenye maji yale yale ya tangi, vifuniko akavitoboa kwa msumari. "Wakikaa kwenye maji yao, watafika," aliniambia. Njia nzima alikaa nyuma ya pikapu akiwa amekumbatia ndoo, na kila tulipoingia shimo alifunua kifuniko akachungulia. Walifika wote wazima, na kioo hakikupata hata ufa.

Muleba tulikuta ukoo umejaa. Nyasi mbichi zimetandazwa ndani, rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, imekwisha kuchujwa, na ndugu wanasubiri waone mrithi anaingiaje. Meza ya tangi ilikuwa bado chini ya magodoro, kwa hiyo Deo akaomba ndoo zake zikae kivulini mpaka kesho. Hapo ndipo Tata alipotaka kumpa heshima. Nasema heshima, maana sikuona chuki yoyote usoni mwake. Aliwaambia ndugu zake kwamba mwanawe anafuga samaki, wanazaliana ndani ya nyumba, na aliyasema kwa majivuno ambayo Deo hakuwahi kuyasikia tangu azaliwe. Kisha akasema samaki wa namna hiyo hawawezi kulala ndooni kama maji ya kunawia miguu. Wawekwe kwenye mtumbwi wa babu. Mtumbwi huo haujawahi kuona ziwa. Ni gogo kubwa lililochongwa tumbo, ambamo ndizi hukamuliwa na rubisi huachwa ichache, na katika kibanja chetu hapakuwa na chombo kilichoheshimiwa kuliko hicho.

"Tata, mtumbwi unanuka pombe," Deo alisema.

"Umeoshwa."

"Mti wenyewe umeinywa miaka yote. Waache kwenye ndoo mpaka kesho tu, nakuomba."

Kijana kumkatalia mrithi mbele ya ukoo, siku ya kwanza, lilikuwa jambo jingine kabisa. Shangazi yetu mmoja akakohoa, akaacha Kihaya chake akasema kwa Kiswahili cha shule, makusudi, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tata hakupandisha sauti. Alichukua ndoo moja baada ya nyingine akamimina mwenyewe, akaongeza maji ya kisima mpaka juu, majani akayatawanya yaelee. Yalipendeza, sikatai. Watoto wa ukoo waliuzunguka mtumbwi wakisukumana, na Deo alisimama pembeni mikono mfukoni mpaka yote yakaisha.

Asubuhi, kabla ya misa, samaki wote walikuwa matumbo juu. Majani yalikuwa yamelegea kama mboga iliyopikwa, na maji yana povu jembamba na harufu ya ndizi zilizochacha. Deo aliwatoa kwa mikono, akawazika chini ya mgomba. Tata akatoka ndani, akaona, akasimama. Nilimsubiri aseme pole. Ni neno dogo, tunampa hata mtu tusiyemjua akijikwaa njiani. Tata akasema, "Ziwani wamejaa, utapata wengine," akaenda kuvaa koti lake la misa.

Hakupata wengine, kwa sababu hakutafuta. Mama akatia maharage kwenye tangi. Deo alimaliza shule, akavuka kwenda kisiwa cha Bumbire kuvua, akakaa huko huko. Kwa miaka mingi Tata alimtumia mkungu bora wa kibanja kwa mkono wa yeyote aliyevuka. Kwetu baba hamwombi mtoto radhi kwa mdomo, hutafuta njia ya kuzunguka, na mimi naamini ile mikungu ndiyo ilikuwa njia yake. Deo aliigawa kambini kwa wavuvi wenzake bila kumenya hata ndizi moja. Nilipomweleza ninavyoiona, alinijibu kwamba ndizi hazisemi. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu wote wawili walikuwa na haki. Methali za kuwafunza wadogo kuwasikiliza wakubwa tunazo tele, na waliozitunga, bila shaka, walikuwa wakubwa.

Siku hizi nakaa Bukoba na wanangu, na nawaambia pole mara nyingi mpaka wananicheka. Wana wajomba na mashangazi wanaowajua vizuri. Deo walikuwa wanamjua kwa picha tu. Tata amezeeka, kumbukumbu zimemtoka, mimi ananiita kwa jina la dada yake. Krismasi iliyopita Deo alikuja Muleba, naye sasa ana mvi. Walikaa barazani, Tata akamtazama sana, akamkaribisha kama mgeni, akamuuliza ametoka wapi. Deo akamwambia ametoka Bumbire.

"Huko nina mwanangu," Tata akasema. "Nilimuulia samaki wake, na sikumwambia pole. Ukimwona, utamwambia?"

"Nitamwambia, mzee," Deo akajibu.

Tata akaridhika, akaomba kahawa. Haukupita muda, akamgeukia tena akamuuliza ametoka wapi. Nilidhani Deo atainuka aondoke. Akasema Bumbire, akainamisha kichwa, aisikie ile pole tena.