Yuko, Siyo Wako

Kwa miaka sita, kilichonitenganisha na Mama Kadi kilikuwa pazia tu. Hospitali ilitupatia chumba kimoja mwishoni mwa korido, kilichokuwa stoo ya magodoro, na tukagawana: upande wa dirisha wake, upande wa mlango wangu. Mimi kazi yangu ni viungo. Nanyoosha magoti, mabega na viganja vilivyokakamaa. Yeye kazi yake ilikuwa maneno. Walimjia wazee waliopigwa kiharusi wakaamka wamesahau majina ya vitu, watoto waliofika darasa la nne bila kutofautisha "baba" na "dada" kwenye karatasi, na watu wazima ambao sentensi iliwakwama kooni mpaka jasho likawatoka. Mimi aliniita Bwana Magoti. Yeye tulimwita Mama Kadi kwa sababu ya boksi la viatu alilojaza picha alizochora mwenyewe: kikombe, ufagio, mlango, mbuzi. Mbuzi wake alifanana na mbwa, na mgonjwa akisema "mbwa" alipewa alama zote.

Msidhani alikuwa mpole. Alikuwa na mdomo, na wazazi walimwogopa kuliko daktari. Baba mmoja alikuja na binti yake akasema, "Huyu si mgonjwa, ni mvivu tu." Mama Kadi alimpa gazeti, akaligeuza juu chini, akamwambia asome kwa sauti, upesi, na akikosea atachapwa. Yule baba akasoma mistari miwili huku anatweta. "Haya," Mama Kadi akasema, "mvivu ni nani?"

Nilijua hasira ile ilitoka wapi. Kabla ya hospitali alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na alikuwa anachapa. Kuna mtoto wa kike alimchapa muhula mzima kwa sababu alisoma "dada" akatamka "baba". Miaka ikapita, akaenda semina, akasikia kwamba ipo hali ya namna hiyo na inatibika, na fimbo haimo kwenye tiba. Akamtafuta yule mtoto. Alimkuta ameshaacha shule siku nyingi, anafulia watu nguo. "Alinisalimia kwa heshima zote, Bwana Magoti," aliniambia. "Angenitukana ningepata usingizi." Akaacha chaki, akarudi kusoma upya akiwa na miaka thelathini na nane.

Nawaeleza haya ili mjue ni mtu wa aina gani aliyefanya kosa nitakalolisimulia. Hakuwa mzembe. Mzembe nilikuwa mimi.

Msusi, jina tulilompa kwa kazi yake ya kusuka nywele, aliletwa kwetu kwa kiti cha magurudumu, wiki mbili baada ya kujifungua. Presha ilimpanda akiwa katika uchungu, mshipa ukapasuka kichwani, na alipozinduka mkono wa kulia ulikuwa mzito na majina ya vitu yamefutika. Mkono ukawa wangu, maneno yakawa ya Mama Kadi. Mtoto mchanga alibebwa na mama mkwe wake, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini ambaye hakukosa hata siku moja. Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, yuko njiani muda mwingi.

Fomu aliyoletewa Mama Kadi kutoka wodini ilikuwa na mistari mitatu. Mstari wa mwisho ulisema: Mtoto hai, mmoja.

Sasa, Kiswahili kina huruma kidogo kwa watu wa namna ile. Jina likipotea, huwa linaacha mkia. Msusi hakuweza kusema "kitana", lakini alisema "kile changu, kimeanguka", na kwa "ki" hiyo Mama Kadi alijua amepunguza nusu ya dunia: si mkasi, si mafuta, si kioo cha ukutani maana jicho linatazama sakafuni. Aliushika mkia huo, akauvuta polepole, mara mgonjwa akapata neno zima. Nilimsikia akifanya hivyo mara elfu. Ilikuwa raha kusikiliza.

Namba pia zilikuwa zimemtoka Msusi. Akiambiwa ahesabu vidole alisema moja, saba, kumi, kisha akacheka kwa aibu na kuuficha mkono. Kwa hiyo kama alitaka kusema idadi ya kitu chochote, alibakiwa na silabi moja tu, ile ya mwanzo wa neno.

Siku ya kwanza alimtazama mtoto, akamtazama mama mkwe, akauliza, "Wako wapi?"

Mama mkwe akainama kumfunika mtoto vizuri zaidi, ingawa alikuwa amefunikwa.

"Yuko wapi," Mama Kadi akamrekebisha. "Yuko. Mtoto ni mmoja, mama, hata kama analia kama watano."

Nilicheka nyuma ya pazia. Mzee wangu mwenye nyonga iliyovunjika naye akacheka. Naikumbuka sauti yangu ile, na sipendi kuikumbuka.

Wiki tatu zikaenda hivyo. Msusi aliendelea vizuri kwenye mengine yote: akapata kitana, akapata mkasi, akapata sukari na ufunguo. Lakini kila mtoto alipoletwa, "Wako wapi?" Mama Kadi akaandika kwenye daftari lake kwamba mgonjwa anachanganya umoja na wingi kwenye neno linalomgusa sana. Ni jambo linalotokea, alinieleza. Neno lililo karibu na moyo ndilo linaloponyoka zaidi. Na mama mkwe akamsogelea siku moja wakati wa kuondoka.

"Mwalimu, hilo la 'wako' naomba umkazanie. Nyumbani anatuuliza hivyo asubuhi mpaka jioni. Linatuchosha."

"Nitamkazania," Mama Kadi akasema, na alikuwa mtu wa neno lake.

Mara kumi kila kipindi. Yuko wapi? Rudia. Yuko. Siyo wako, mama, yuko. Kuna siku Msusi alizipiga kadi kwa mkono wake mzima zikatawanyika mpaka upande wangu, na mimi nikaziokota moja moja nikazirudisha chini ya pazia. Mama Kadi akaandika: hasira, kawaida. Jumatano ya wiki ya nne, mama mkwe alimweka mtoto mapajani mwa mama yake ili afunge kamba za viatu. Msusi akamshika mtoto, akainua uso, akasema bila kusitasita, "Yuko wapi?"

Mama Kadi akapiga makofi. Mimi pia nikapiga, upande wangu. Msusi hakutabasamu, akaanza kulia, na tukasema ni furaha.

Saa nne tukanywa chai kama kawaida, yeye kwenye kiti chake na mimi juu ya kitanda cha mazoezi. Alikuwa amechangamka. Nikamwambia, kwa kupiga soga tu, "Huyu msusi wako ana roho ngumu. Kiharusi, halafu na msiba wa yule pacha juu yake. Mwingine angeshakata tamaa."

"Pacha gani?"

Nilidhani ananitania. "Si alizaa mapacha? Wa pili hakukaa."

Aliweka kikombe chini. "Nani kakwambia?"

"Imo kwenye faili la uzazi. Nililisoma siku ya kwanza, nilitaka kujua presha ilifika wapi kabla sijaanza kumvuta mkono."

Hapo ndipo mimi mwenyewe nilisikia nilichokuwa nimekisema. Wiki nne nilisikia "wako wapi" mpaka ningeweza kuiimba, na nilijua kwamba walizaliwa wawili, na mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwangu. Nilidhani Mama Kadi anajua. Nilidhani maneno si kazi yangu.

Mama Kadi hakunifokea. Alitoka, akaenda jengo la uzazi, akarudi na faili, akalisoma akiwa amesimama. Mimba ya mapacha, mama alishajulishwa kliniki. Pacha wa kwanza, wa kike, hai. Pacha wa pili, wa kiume, amefariki baada ya saa mbili. Akafungua daftari lake, akalifunga. "Leo mtoto alikuwa mapajani mwake," akasema. "Amemshika kabisa. Sasa alikuwa anamuulizia nani?"

Nikalivuta faili, nikausoma tena mstari wa pacha wa pili.

"Alikuwa na silabi moja tu ya kunieleza, Bwana Magoti. Nimemnyang'anya."

Ijumaa hiyo alimpima upya, kwa sababu hakuwa mtu wa kukubali hata kosa lake bila ushahidi. Kadi ishirini: mbuzi mmoja na mbuzi watatu, mlango na milango, kiti na viti. Yuko, wako, upo, ipo, kipo, vipo. Msusi alipata zote ishirini. Hakuwahi kuchanganya umoja na wingi hata siku moja.

Baada ya hapo muuguzi alimtoa Msusi nje kupunga upepo, na Mama Kadi akamwita mama mkwe upande wangu, akafunga mlango. Nilitaka kutoka, akaniambia nikae. Mama mkwe hakukana. Alisema daktari wa zamu usiku ule aliwaonya kwamba akishtuka presha itapanda, na ikipanda hatapona. Yeye na mwanawe wakakubaliana wanyamaze mpaka apate nguvu. Kisha siku zikapita, na kila siku ikawa ngumu kuliko ya jana.

"Na 'wako'?" Mama Kadi akauliza. "Kwa nini uliniambia nimkazanie?"

"Kila akiuliza, mwalimu, namwona yule mdogo." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nilisema labda akisahau neno, atasahau na yeye."

Ningependa kusema nilimchukia. Sikuweza. Mama Kadi akamwambia, "Nakupa mpaka Jumatatu. Mwambie wewe, ni mkweo. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na daktari nimeshaongea naye, amesema presha imetulia na anaruhusu."

Jumatatu walikuja wote watatu, Msusi, mama mkwe na mtoto. Mama Kadi alikuwa ameniomba nisimame pale na kipima presha. Pazia lilikuwa limesogezwa pembeni. Mama mkwe akakaa mbele ya Msusi, akamshika mkono ule mzito, akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akafungua tena. Alikuwa na maneno yote ya dunia, na hakupata hata moja. Mwisho akatikisa kichwa akamtazama Mama Kadi.

Mama Kadi akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. Alisema polepole, kwa sentensi fupi, kama alivyosema na wagonjwa wake wote.

"Ulikuwa unasema sawa. Wako wapi. Ulikuwa sawa, na mimi nilikukosoa. Nisamehe." Akangoja. "Walizaliwa wawili. Huyu hapa, wa kike. Mwingine alikuwa wa kiume. Aliishi saa mbili. Alifariki. Wewe ulikuwa umezimia."

Msusi alimtazama mtoto aliyepakatwa na bibi yake. Nilimfunga kipima presha mkononi, nikabinya mpira, nikasoma, nikabinya tena.

"Imepanda?" mama mkwe akanong'ona.

"Haijapanda," nikasema. Ilikuwa ya kawaida kabisa, pengine ingekuwa ya kawaida hata wiki nne nyuma.

Ndipo Msusi akainua kichwa. Akamtazama mama mkwe wake, akamtazama Mama Kadi, kisha akanitazama mimi, mtu wa mkono, mtu wa upande wa mlango, ambaye hakuna aliyekuwa amemtaja. Alichukua muda wake, kama alivyofundishwa, na neno likamtoka lote, safi.

"Mlijua."

Mama Kadi angeweza kusema yeye hakujua mpaka Jumatano ile, na ingekuwa kweli. Hakusema. Mtoto alianza kulia, bibi yake akambembeleza, na tukabaki pale tumeinamisha vichwa, wala hakuna aliyemsahihisha.