Sari ya Tilakavati

Punitha aliolewa katika umri ambao shangazi zake walikwisha kata tamaa ya kumtafutia mume. Alimpata Ekambaram, mfumi wa hariri wa mtaa wetu hapa Kanchipuram, mgane mwenye binti mdogo aliyeitwa Valarmati. Mimi ni jirani yao. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho, na mengine alinieleza mwenyewe tukichambua mchele barazani.

Mke wa kwanza, Tilakavati, alichukuliwa na homa wakati mumewe yu hai. Kwetu mwanamke afaye hivyo haendi mbali. Hubaki kuwa mlinzi wa nyumba. Sari yake ya harusi hutiwa kikapuni, ikawekwa chumba cha ndani, na kila mwaka mwezi wetu wa Adi, kati ya Julai na Agosti, hutolewa, ikapewa hewa na kufukizwa ubani, na mwenyewe akaombwa radhi. Tilakavati hakuacha hata picha moja. Aliacha hiyo sari tu, ya kijani cha kasuku, pindo jekundu limejaa zari, zile nyuzi za fedha na dhahabu.

Siku Punitha alipoingia nyumba ile, mama mkwe wake, bibi Kuppammal, hakumpeleka jikoni. Alimshika mkono hadi kwenye kikapu.

"Msalimie mwenzio," alimwambia. "Yeye ndiye mkubwa. Hii nyumba yake."

Punitha akainama. Alipoinuka alisikia harufu ya asumini mbichi. Akauliza ni nani aliyeweka maua.

"Asumini msimu huu itoke wapi?" alisema Kuppammal. "Twende ukale."

Miaka michache baadaye macho ya bibi yakaingia ukungu, na kazi ya kuitunza sari ikamwangukia Punitha.

"Hariri ni kama mgonjwa wa kitandani," bibi alimfundisha. "Ukimlaza ubavu mmoja siku zote, atavunjika. Kila ukiikunja, usirudie kunjo la zamani. Uianike kivulini. Jua litainywa rangi. Na zile tembe nyeupe za kufukuza nondo usizilete humu, zari itakuwa nyeusi kama sufuria."

Basi Punitha akawa ananawa mikono mpaka mafuta yote yatoke, anaitandaza sari juu ya mkeka, anaikunja upya, anaifunga kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa hadi kikalainika, kisha anapanga majani makavu ya mwarobaini nje ya kifurushi. Kazi ya mkono. Lakini aliichukia, na akaniambia kwa nini.

"Nikiikunja, kuna mtu nyuma yangu. Hasemi kitu. Anavuta pumzi tu, kama mama mkwe anayeona unakata kitunguu vibaya."

"Ni upepo."

"Chumba kile hakina dirisha, jirani."

Hofu hiyo ilimfuata hadi katika ulezi. Kila alipomkemea Valarmati, alikatisha maneno, akageuka kutazama mlango wa chumba cha ndani. Mara moja aliinua mkono ampige, akasikia bangili za kioo zikilia mle ndani. Mkono ukashuka. Mtoto alikua bila kuonja kofi, watu wakimsifu Punitha kwamba ana roho nzuri kuliko mama wa kambo wote wa mtaa. Yeye sifa zile zilimkera. Aliona si zake.

Valarmati alipochumbiwa, Kuppammal akasema kabla bibi harusi hajanunuliwa nguo, marehemu mama yake sharti apate sari mpya. Vinginevyo arusi haitakuwa na heri. Ekambaram alifuma hariri maisha yake yote, lakini kila alichofuma kilikuwa cha tajiri aliyempa nyuzi. Ya kwao ilibidi watafute dukani kama watu wengine.

"Chagua wewe," alimwambia mkewe.

"Baba Valarmati, ni wewe uliyemjua."

Ekambaram hakuinua kichwa kwenye nyuzi za mtande. "Mimi niliishi naye miaka michache. Wewe umeishi naye zaidi."

Tukaenda dukani mimi na Punitha. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, anatandaza sari moja juu ya nyingine kama anayemwaga maji.

"Ya nani, dada?"

"Ya mwenzangu."

"Mweupe, au maji ya kunde?"

"Sijui."

"Mrefu?"

"Sijui."

Kijana akanitazama mimi, kisha akamrudia. "Si bora aje mwenyewe tumpime?"

"Yupo," alisema Punitha.

Kijana akacheka. Alipoona hatucheki, akaacha, akaenda kuleta nyingine.

Punitha aliligeuza kila pindo upande wa nyuma, akapapasa pale linapoungana na mwili wa nguo. Aliomba uzi mmoja wa ncha, akauchoma kuona kama ni hariri ya kweli, ukanuka kama nywele zilizoungua, majivu yakasagika vidoleni. Akakwaruza zari kwa ukucha mpaka wekundu wa hariri ukaonekana chini ya fedha. Nzuri zilikuwa nyingi. Kisha mkono wake ukatua juu ya moja ya rangi ya biringani, pindo la haradali, ukakaa hapo.

"Hii," alisema.

"Hujaona zilizobaki," nikamwambia.

"Mkono haunyanyuki." Nikamtazama. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, na feni ilikuwa juu yetu.

Siku ya kumwomba Tilakavati, adhuhuri, walimtengea chakula juu ya jani la mgomba, sari mpya juu ya ubao, ndimu na manjano kando. Pazia likashushwa ili ale kwa faragha, nasi tukasimama nje kimya. Pazia lilipofunguliwa, sari iliyokuwa imekunjwa vizuri ilikuwa imefunguka ncha, na ncha ile imelala kuelekea mlangoni, kuelekea miguu ya Punitha.

Kuppammal aliipapasa kwa vidole. "Amepokea," alisema. "Sasa amekupa. Ivae siku ya arusi."

"Mama, siwezi. Ni nguo yake."

"Ndiyo maana huwezi kukataa. Mkubwa akikuvisha, unavaa."

Akavaa. Alikuwa amesimama ukumbini akiwagawia wageni tambuu, mgongo kwa mlango, alipoingia kaka wa Tilakavati, mzee Sabapati, ambaye hakuwa amekanyaga kwao tangu mazishi. Sabapati akasimama ghafla.

"Tilaka," aliita, si kwa sauti kubwa.

Punitha akageuka. "Naam, kaka."

Yule mzee alikaa chini palepale, akaomba maji. Baadaye akamtaka radhi, akamwambia ni ile namna ya kutupia ncha begani, dada yake tu ndiye aliyeitupia hivyo. Punitha akaendelea kugawa tambuu. Mimi aliniambia kesho yake, "Kwetu hatufungi hivyo. Asubuhi ile mikono ilikuwa inajua njia. Na aliponiita, niliitika kabla sijafikiri."

Kuppammal alikufa, na miaka mingi baadaye Ekambaram naye akafa. Mjane wa mtaa wetu haweki hariri za rangi. Punitha akamwita Valarmati kutoka Chennai alikoolewa, akamfundisha kukunja, akamkabidhi kikapu na sari zote mbili. Binti alilia, akamsihi, "Mama mdogo, njoo tuishi wote." Akakataa.

Wiki haikupita, akaja barazani kwangu. Amekonda.

"Jirani, simsikii tena."

"Si ulikuwa unaomba akuondokee?"

"Niliomba." Akavuta ungo wangu wa mchele, akaanza kuchambua. "Chumba kimekuwa chumba tu. Nikikohoa, kikohozi kinanirudia."

Tangu hapo, kila mwezi wa Adi hupanda basi kwenda Chennai kukunja zile sari, ingawa Valarmati anajua kazi hiyo vizuri. Hufunga mlango wa chumba wanachoweka kikapu. Valarmati ameniambia kwamba wao walio nje humsikia akizungumza, akanyamaza muda kama mtu anayepewa jibu, kisha akaendelea.