Mtoto Hana Mgongo

Binti yangu alikuwa na miaka tisa alipoanza kulalamikia mgongo. Angesema tumbo, angehurumiwa. Lakini mgongo! Mama mkwe wangu, tunayeishi naye hapa Kitahana, alicheka mpaka akafuta machozi. "Mtoto hana mgongo," akasema. "Mgongo ni wetu sisi tulioshika jembe."

Mume wangu akaona ni ujanja wa kukwepa kuchota maji. Mwalimu akasema mtoto anakaa kivivu darasani. Nikampeleka zahanati, tukapewa panadol. Tukarudi, tukapewa panadol tena na dawa ya minyoo. Safari iliyofuata, mhudumu alipoanza tu kulisogelea kopo la vidonge, nikamwambia, "Hizo ninazo nyumbani."

"Sasa unataka nini, mama?"

Nilitaka amguse mtoto. Mpaka siku hiyo hakuna aliyemvua hata shati.

Bibi yake alimkanda kwa maji ya moto, kisha akamwita jirani amchanje chale. Basi mtoto akawa na mgongo unaouma, na vidonda juu yake. Akakonda. Jasho likawa linalowesha shuka. Siku nilipomwona anatembea huku amejishikilia mapaja kama kikongwe, sikumwomba mtu ruhusa. Nilifunika cherehani ninayoshonea nguo za watu, tukapanda gari la Kasulu.

Hospitalini tulimkuta daktari kijana. Alimtazama mtoto akiingia, akaangusha kalamu chini. "Niokotee, mwanangu."

Binti yangu hakuinama. Alichuchumaa taratibu, mgongo umenyooka kama ubao, akaiokota. Daktari akamwomba avue shati, akapitisha vidole kwenye uti wa mgongo. Akafika mahali palipotokeza kidogo, mtoto akaruka kwa maumivu.

"Kabla yangu, nani mwingine ameushika mgongo huu?"

"Bibi yake, na jirani mwenye wembe," nikajibu.

Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili zimeliwa. Baada ya vipimo vingine, daktari akaniambia ni kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Akatuandikia vidonge vya kila siku kwa mwaka mzima, na mkanda mgumu wa kumshikilia mgongo. Nililia, lakini zaidi kwa hasira kuliko huzuni.

Nyumbani yakaanza mengine. "Kifua gani hicho kinachokaa mgongoni?" mama mkwe akauliza. "Na mbona hakohoi?" Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Sote tulipimwa, tukaonekana wazima, lakini majirani wakaacha kunywa maji kwangu. Mkojo wa mtoto ulipogeuka rangi ya chungwa kwa sababu ya dawa, habari ikafika kanisani kabla yetu.

Miezi michache baadaye maumivu yakaisha. Mume wangu akasema, "Amepona huyu. Mpumzishe na hayo madawa."

"Maumivu ndiyo yameisha. Ugonjwa bado upo."

"Wewe umekuwa daktari?"

"Mpaka utakapokwenda kumsikiliza daktari mwenyewe, ndiyo."

Hakwenda. Nami sikuacha kumpa vidonge, asubuhi baada ya asubuhi, wakininunia au wakicheka.

Alimaliza dozi. Kinundu kidogo kimebaki, hakitaondoka, lakini anakimbia na kuruka kamba kuliko wenzake. Siku hizi akiambiwa aoshe vyombo, anashika kiuno na kukunja uso. Mimi, mama yake, namtazama nikishindwa kujua kama ananidanganya. Naosha mwenyewe, huku nikinung'unika.