Kuku wa Kuomba Radhi

Wazazi wakija shuleni kwangu kulalamika kwamba mtoto wao anaonewa, nawapa kiti, nasikiliza, naandika kwenye daftari. Wanafikiri naandika jina la mkosaji. Mara nyingi naandika tarehe tu, kisha naipitia kwa kalamu tena na tena mpaka karatasi inatoboka. Mimi ni mwalimu mwenye cheti, na sijui niwaambie nini. Nyumbani kwetu tulijaribu yote ambayo ningeweza kuwashauri.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nasubiri barua ya kupangiwa kituo. Wazazi wangu waliishi kwenye kambi ya mgodi wa dhahabu upande wa Geita, chumba kimoja na baraza, katika safu ndefu ya nyumba za bati ambamo Mnyamwezi kama baba alipakana na Mhaya, Mjaluo na Mfipa. Ulikuwa mwaka ule picha ya mfalme wa Uingereza ilipoteremshwa ukutani shuleni ikapandishwa ya malkia. Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la tatu. Katika safu yetu hakukuwa na msichana mwingine aliyefika huko.

Mama ndiye aliyegundua. Alikuwa anamsuka, akaona utosini nywele zimenyonyoka na ngozi imekuwa ngumu kama ya kisigino.

"Wewe unabeba nini?"

"Maji ya shule, mayu."

"Kidebe kimoja hakimnyoi mtu. Sema."

Akasema. Watoto wote walipeleka maji shuleni asubuhi. Binti wa mtani wa baba, wa safu nyingine, aliyekuwa darasa la nne, na wenzake wawili walimngoja kisimani, wakampa na videbe vyao. Alikwenda na kurudi mara nne, wao wakitembea pembeni mikono mitupu.

"Mpagazi, ongeza mwendo! Babu yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo, wewe kidebe tu unalia?"

Safari ya nne ilimkuta kengele imeshapigwa, akachapwa kwa kuchelewa.

"Nataka kuacha shule," alisema, akimtazama mama, si mimi.

Baba aliporudi kutoka zamu yake alisikiliza yote, akatabasamu kwa nafuu. Alidhani ni jambo kubwa zaidi. "Huyo ni mtani wako. Wazaramo wametuita wapagazi tangu enzi za babu zetu. Mjibu! Mwambie, mla papa wewe, simama upande wa chini, upepo unatuletea harufu." Akamfundisha na mengine, moja baya kuliko jingine. Mama alicheka, nami nilicheka, na mdogo wangu alirudia maneno yale kwa bidii kama anayekariri jedwali la kuzidisha.

Kesho yake aliyasema. Wale wasichana walimpigia makofi, wakamwongezea mfuko wa madaftari. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi mno. Baba alipotaniana na Wazaramo mgodini, Wanyamwezi kumi walikuwa nyuma yake wakicheka. Mdogo wangu alikuwa peke yake kisimani.

"Basi nenda kaongee na baba yake," mama alisema.

Mtani wetu huyo alikuwa seremala wa mgodi. Mdogo wangu wa kati alipokufa kwa surua, ndugu zetu walikuwa mbali, safari ya siku mbili. Mzaramo huyu ndiye aliyepiga jeneza kwa mbao za masanduku, akashuka kaburini kumpokea, halafu akakataa kutoka mpaka alipwe, akipiga kelele kwamba Wanyamwezi ni wabahili hata kwa wafu wao. Baba alicheka katikati ya kilio chake.

"Yule ndiye aliyemlaza mwanangu," baba alisema. "Nikasimame mlangoni kwake nimwambie nini?"

Hata mama alikumbuka.

Nikaona ni zamu yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Nilimwandikia mwalimu mkuu barua mara saba. Neno "kuonea" lilikuwa zito, "kusumbua" lilikuwa jepesi. Mwishowe niliziacha zote nikaenda mwenyewe, bila kumwambia baba.

Mwalimu mkuu, mzee wa Kisukuma, aliniita mwalimu mwenzangu, nikafurahi kuliko ilivyostahili. Akamwita yule binti.

"Kwa nini unamtwisha mwenzako madebe yako?"

"Ni mtani wangu, mwalimu."

Mzee alifunika mdomo kwa mkono, lakini mabega yalimtikisika. "Mwalimu mwenzangu, umesoma mpaka umesahau watani?" Hata hivyo alimwonya binti, asirudie tena. Nilitoka nikiwa nimeshinda. Njiani nikaanza kupata mashaka, na nilipofika nyumbani yalikuwa yamenijaa.

Jua halijazama, tukasikia sauti nje.

"Hodi humu kwa wapagazi! Nimeambiwa nimeshitakiwa!"

Baba alisimama. "Karibu, mla papa," alisema, lakini sauti haikuwa yake.

"Sikaribii. Mtani wangu amekasirika, tangu lini? Nataka faini yangu."

Majirani walishaanza kusogea wakicheka. Ulikuwa mzaha, na ilikuwa sheria pia: anayeukasirikia utani hulipa. Baba alinitazama, akaelewa nilikokuwa nimekwenda.

"Huyu kijana amechoshwa na vitabu," alisema taratibu. "Utusamehe."

"Basi vitabu vilipe!"

Watu wakaangua kicheko. Baba akamgeukia mdogo wangu. "Kamata yule kuku mwekundu, umlete."

Alimfukuza kuku kuzunguka jiko mbele ya watu wote, akamkamata, akamleta kwa mikono miwili na kupiga goti. "Shikamoo."

"Marahaba, mpagazi mdogo," mtani alisema kwa upole wa kweli, akamwekea mkono kichwani, pale pale utosini.

Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni. Tazama hapo uliposhika. Alikuwa mtu mwema, angetazama. Lakini akitazama angemchapa binti yake, na binti angengoja kisimani. Na nisiposema je? Nilipofika kwenye je, alikuwa ameshaondoka, kuku kwapani. Mama alikuwa ametugeuzia mgongo, anapepea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Madebe yalikoma kweli. Baada ya hapo hakuna shuleni aliyesema na mdogo wangu. Akikaa kwenye benchi, wenzake walihamia jingine. Walimwita Mshitaki, hata wale ambao hawakuwa watani wa mtu yeyote. Akaanza kutapika kila asubuhi kabla ya kuvaa. Baba alimsindikiza siku kadhaa, akamwacha mlangoni mwa darasa na kukimbilia zamu. Siku moja alikuta alama ya kuchelewa mgodini, siku ya pili akaonywa, ya tatu hakuweza.

Kisha ikaja barua yangu. Nimepangiwa Shinyanga.

"Utapita naye kwa bibi yenu," mama alisema. Bibi aliishi kijijini upande wa Kahama, ambako shule ya karibu ilikuwa mwendo wa nusu siku. Sote watatu tulilijua hilo. Baba alikuwa anafunga kamba za viatu, akaendelea kuzifunga.

Ndani ya lori mdogo wangu alikula viazi vyote tulivyofungiwa. Alihesabu ng'ombe, akaniuliza kama bibi bado ana mbuzi wenye ndevu, akacheka peke yake. Sikumbuki kumsikia akiongea vile mwaka mzima, nami nilikaa kando yake na cheti changu cha ualimu ndani ya bahasha, nikijaribu kuamua kama nifurahi.

Bibi alitupokea kwa vigelegele. Alipokwisha kumkagua mjukuu wake, akanivuta pembeni.

"Atakaa mpaka lini?"

"Mpaka shule zifunguliwe, bibi," nilimwambia.

Ilikuwa Jumanne, na shule zilikuwa wazi kila mahali.